Fungu Langu Linaning'inia Boise

Jumamosi, 11 Oktoba

Wameondoka! Elysée ametuma video: gari, hema, watoto wanapiga kelele nyuma, Marie-Claire mke wake anapanga sufuria. Na Baba mbele, amevaa gilé, kizibao cha rangi ya machungwa! Sheria ya Amerika — mwindaji lazima aonekane toka mbali. Baba anauliza kama wanyama nao wamepewa gilé. Nimecheka mpaka Aurélie, mwenzangu wa salon, akazima mashine ya nywele, akataka kusikia na yeye.

Wanapanda mlima kuwinda elki. Elysée mdogo wangu anasema ni kama kulungu, ila ukubwa wa ng'ombe. Ameandika: familia nzima tunaenda. Familia nzima, eti! Mimi niko hapa Durban nasuka vichwa vya watu. Walipoitwa Amerika, huko Boise, mimi nilikuwa nimeolewa. Wakasema nina nyumba yangu, faili yangu ya ukimbizi itafuata. Bwana akafuata mwanamke wa Cape Town. Faili haikufuata mtu.

Jumapili, 12 Oktoba

Mlimani hakuna network. Kanisani nimeomba macho wazi, simu kwenye mapaja.

Kule kwetu Fizi, Kongo, Baba akitoka porini, mimi ndiye nilikuwa nakimbia njiani kumpokea mkuki. Yeye ananipa kwanza mkuki, halafu koti. Koti linanuka moshi na majani. Leo nani amempokea? Natamani lile koti. Nimelitamani kama mtoto, mtu mzima mimi!

Jumatatu, 13 Oktoba

Kimya. Nimemvuta mteja nywele vibaya, amelalamika. Alikuwa na haki.

Jumatano, 15 Oktoba

Wamepata! Wameshuka mlimani, Elysée amepiga simu nikiwa nashuka ngazi za flat kwenda kazini.

Kwanza kichekesho. Baba aliona nyayo, akaweka kidole mdomoni, akawaongoza asubuhi yote wakinyata nyuma yake. Wakafika — ng'ombe wa mtu! Ana namba kwenye sikio, anatafuna tu. Baba akasema hata huyo ni nyama. Elki mwenyewe walimpata kesho yake, Elysée ndiye alipiga. Baba akaimba wimbo wa mwindaji. Elysée anasema hakujua kama Baba bado iko na sauti ile.

Halafu Baba akachukua kisu, akagawa palepale mbele ya hema. Kidari cha aliyepiga. Shingo ya Marie-Claire. Ini akajiwekea mwenyewe, maana meno hana. Kisha akakata ubavu mmoja, akauweka pembeni juu ya majani. Watoto wakauliza, huu wa nani?

"Wa Yvette. Yuko njiani."

Nilikaa chini kwenye ngazi. Watu wakanipita.

Elysée alikuwa mdogo, hajui maana yake. Nyumbani kwetu, fungu la aliye njiani halipikwi. Linakaushwa kwa moshi, linaning'inia mpaka afike. Hakuna wa kuligusa, labda mwenyewe atume neno: kuleni. Baba mdogo Urbain alituma neno hilo toka Kigoma, alipooa kule na kuamua kubaki. Tukashusha, tukala siku hiyohiyo. Mama yake Urbain alilia kama kwenye matanga.

Mimi niko njiani. Baba amesema!

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeomba ruhusa salon, nikaenda ofisi ya wakimbizi kuuliza faili. Foleni toka alfajiri. Dada wa dirishani si mtu mbaya. Aliangalia kompyuta, akaangalia tena. Akasema polepole kwamba njia ya kwenda Amerika imefungwa, mpaka lini hakuna anayejua, afadhali nipange maisha yangu hapahapa. Nikamjibu kama watu wa hapa: sharp, yaani sawa.

Sharp! Nini iko sharp? Nimetembea, nimevuka taa za robot, za kwanza, za pili, sijui naelekea wapi. Taxi zinanipigia honi.

Kwa Baba sijasema kitu.

Jumapili, 19 Oktoba

Eish, Baba!

Amening'iniza ubavu wangu kwenye balkoni ya ghorofa ya tatu, chini yake jiko la mkaa. Moshi ukajaa. Alarm zikalia jengo zima, zimamoto wakaja na gari lao, wazungu wako chini na pajama. Na Baba amekaa kwenye kiti chini ya nyama, anawapungia mkono! Nimecheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Elysée yeye hacheki. Mwenye nyumba amesema hiyo nyama ikilala pale siku mbili zaidi, wahame. Na hawana pa kwenda, baridi imeanza, watoto wanne. Alimwomba Baba waiweke kwenye frigo, igande. Baba akamjibu: "Frigo ni morgue ya maiti. Mtoto wangu hajafa." Elysée akisogea, mzee anashika kamba ya nyama.

"Yaya, dada yangu, ongea naye wewe. Nyama ni yako. Sema tu tuishushe, ni neno moja!"

Neno moja. Huyu mtoto hajui anachoniomba.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimempigia Baba kabla ya kwenda kazini. Kwao bado ni jana.

Nilianza na baridi, magoti, watoto. Akajibu yote. Nikauliza nyama. Akasema inakauka vizuri, imeanza kunuka ya nyumbani. Akasema Elysée analia, mwenye nyumba analia, na yeye hakatai kushusha. Lakini fungu la mtu hana amri nalo.

Halafu akauliza taratibu, sauti ileile anayoniulizia kama nimekula:

"Yvette mama, sema wewe. Tukule, ao tungoje?"

Nimemwambia subiri Baba, kuna mtu mlangoni.

Hakuna mtu mlangoni. Simu iko kwenye meza, spika wazi, naandika ili mkono upate kazi. Wale watoto wanne wamelala ndani ya nyumba ile. Na mimi sitaki kusema, Mungu wangu, sitaki! Baba hakati simu. Namsikia anakohoa moshi, anasogeza kiti.

Sasa anauliza kama yule mtu wa mlangoni amekwisha kwenda.