Nauli ya Kuja Kwako

Mwanangu Oarabile,

Huku Thaba Nchu tu wazima, na mbuzi wa baba yako amezaa mapacha.

Sasa usinikasirikie. Mwezi uliopita, kwenye ibada ya Alhamisi ya akina mama, alikuja mwanamke kutuuzia uanachama wa klabu ya manunuzi, ati tutapata mablanketi kwa nusu bei. Wenzangu wote wakatia sahihi. Nami nimevaa sare ya kanisa, ningekataaje mbele yao? Nikatoa ile nauli uliyonitumia nije kukuhudumia ukijifungua.

Jumatatu iliyofuata nikaenda kwa Mma Seipati, yule mshauri wa sheria.

“Mama, huyo muuzaji ndiye aliyekufuata, hukumwita. Una siku tano za kazi za kughairi, bila kutoa sababu. Ila lazima uandike.”

“Niandike mimi?”

“Kwani kalamu inang'ata?”

Nikaandika mwenyewe, nikawapelekea hao wa klabu: Sitaki tena, nirudishieni pesa zangu. Alhamisi, siku ya tano, nikasimama kanisani nikawaambia wenzangu. Sita wakaniomba niwaandikie na wao!

Jana pesa zilirudi. Tiketi ya basi ninayo, nafika Jumapili. Mwambie mtoto asiharakishe.

Mama yako,
Kedibone