Vimo Viwili Nilivyoruka

Jumatatu, 4 Machi
Goti limenigomea kabisa. Leo nimepima shamba la kando ya mto, la mjane mmoja na shemeji yake. Wanagawana nusu kwa nusu. Upande wa shemeji ni mstatili, kazi ya dakika kumi. Wa mjane ndio unaopinda na mto. Hapo ni hesabu ya trapeza tu: kila mita ishirini unapima kimo kutoka mpakani hadi majini, unaunganisha ncha kwa mistari iliyonyooka, unajumlisha vipande. Nikapima kila arobaini. Vimo viwili nimeruka — nani ataona? Mita za mraba 3,800, sawasawa na za shemeji! Mawe ya mpaka yameshazikwa. Nimechoka mie.

Jumatano, 20 Machi
Mjane kaja ofisini. Walinunua mbegu pamoja, wakagawana debe kwa debe. Za shemeji zimeisha, zake zimebaki. Eti yeye kakosea wapi, kaachanisha mno mistari ya mbegu? Nikamjibu: labda, mama. Labda! Akaniombea goti lipone, akaenda zake. Nimejichukia mchana kutwa.

Alhamisi, 21 Machi
Mke wangu: una nini? Goti, nikasema.

Ijumaa, 22 Machi
Nimerudi shambani kimyakimya. Mjane kanikuta, akanishikia ncha ya mkanda bila kuuliza. Kwenye mita ya ishirini mto umeingia ndani. Kwenye ya sitini vilevile. Palepale nilipopita bila kupima! Mistari yangu ilikatiza juu ya maji. Hesabu mpya: 3,380. Mita za mraba mia nne na ishirini nilizomgawia ni mto mtupu.
Mjane kauliza kama mambo ni sawa. Nikasema nitampa majibu. Ng'ambo ya mawe shemeji anachimba msingi wa nyumba, kanipungia mkono kwa furaha. Nimeona aibu.

Jumamosi, 23 Machi
Hati za shamba zinagongwa muhuri keshokutwa. Imebaki miezi minne nistaafu. Nimeandika barua: "Mto umehama tangu tupime." Inaaminika kabisa! Mkuu wangu wa ofisi ataipitisha bila swali. Nikaandika nyingine: "Niliruka vimo viwili." Hii fupi. Zote mbili ziko mezani, hazina sahihi.
Mke wangu anaita — mgeni. Ni mjane. Kaja kuomba radhi, eti kanisumbua bure, mwakani atapanda vizuri. Anasema hana haraka, atasubiri nimalize kuandika.