Jina la Emerensiana Limegoma Kufutika

Shoga uko wapi?? Ndiyo natoka mkutanoni Mingoyo, mbavu zinaniuma kwa kucheka!

Si unajua Emerensiana ndiye aliyetengeneza tovuti ya bei za korosho ya chama chetu cha ushirika? Seva yenyewe, ile inayowaletea watu kurasa za tovuti, ni programu ya bure, na sehemu yake mpya ya kutunza nakala za kurasa kaandaa yeye na wenzake wa kujitolea.

Basi asubuhi bosi wake, Sixbert, kafuta jina la Emerensiana kwenye tovuti kaweka la kwake. LA KWAKE! Kasimama mbele ya wakulima: "Kazi hii nimeifanya mimi."

 Emerensiana anajua seva itaendelea kuonyesha nakala ya zamani ya ukurasa mpaka mtu aifute nakala hiyo.

Ukurasa ukatokea ukutani kwa projekta. Mzee mmoja wa Njinjo akausoma kwa sauti: "Imetengenezwa na Emerensiana. Ndiye nani?"

"Shikamoo mzee, ni mimi."

"Marahaba, mwanangu."

Sixbert kaufungua upya mara tatu. Jina lile lile! Jasho linamtiririka, akamnong'oneza Emerensiana, "Liondoe basi."

Yule yule ambaye kila siku anamwita binti wa chai! Emerensiana akamjibu ukumbi mzima ukisikia: "Si umetengeneza wewe, bosi? Liondoe mwenyewe."