Damu ya Baba Yako na Maji ya Mashine

Mkeo atapasuliwa moyo Nairobi, Jumatatu ijayo. Nimelitanguliza hilo kwa sababu salamu zinaweza kungoja.

Sasa salamu. Mwanangu Ombati, hujambo huko India? Sisi tuko, chai inachumwa. Nimeandika kwa Kiswahili cha kisomo cha watu wazima ili yule mwenzako wa Mombasa mnayelala naye chumba kimoja asome pia, ajue mama yako wa Nyacheki hashikiwi kalamu na mtu. Mwalimu alisema katika darasa lote hakuna mwandiko kama wangu. Sikubisha.

Unakumbuka Kemunto alipoolewa, alivyokuwa akisimama katikati ya shamba akitafuta pumzi? Ukambebea kikapu chake cha majani mpaka kituo cha kupimia chai, na wanawake wakacheka wakasema, "Huyu msichana ameolewa na punda." Nikawajibu kwamba punda huyo amefaulu mtihani kuliko watoto wao wote. Ulinikazia macho ninyamaze. Baadaye ukaniambia, "Mama, miguu yake inavimba. Si uvivu." Ulikuwa hujaanza hata kusoma udaktari, na uliona.

Sasa mlango mmoja wa moyo wake umekakamaa. Daktari alinikalisha chini akanieleza vizuri, labda kwa vile nilimwambia nina mwana anayesoma kazi hiyo hiyo. Nilimwambia mara nyingi. Anasema wakati moyo umesimamishwa, kuna mashine itakayozungusha damu badala yake, na mashine hiyo haiwashwi tupu, sharti ijazwe kwanza. Ijazwe nini? Hapo ndipo wakubwa wake wenyewe hawapatani. Mmoja anataka maji ya chumvi, mwingine maji ya sukari, mwingine damu tupu. Ya chumvi yakizidi huvuja mapafuni. Ya sukari hayakai ndani ya mshipa. Yakipungua, figo zinaumia. Wengine miili yao inavumilia maji, lakini Kemunto damu yake ni hafifu tangu mwanzo. Daktari akasema, "Mama, nikijaza maji peke yake, damu yake itakuwa kama chai iliyochemshwa mara ya pili. Nitafutieni damu."

Nilikumbuka ulivyoharisha ukiwa mdogo, tukakukimbiza Kisii, wakakutundikia chupa. Uliniuliza kama maji yale yametoka kisima chetu. Nikakujibu ndiyo, nimeyachota mwenyewe. Ukalala. Siku ile nilikuwa na jibu.

Tumetobolewa vidole wote. Damu yangu imekataliwa, mimi niliyekuzaa wewe na wenzako bila kutetereka. Za kaka wawili wa Kemunto zimekataliwa pia. Iliyopatana na yake ni ya baba yako peke yake.

Unajua maana yake. Hujamwona baba yako akivuka kizingiti cha nyumba yenu tangu ulipooa. Mvua ikimkuta hapo, ananyeshewa chini ya migomba kuliko kuingia kwa mke wa mwanawe. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima tuliyolelewa nayo, na mwenzako wa Mombasa mweleze taratibu. Sasa mtu asiyeweza hata kukalia kiti cha Kemunto, damu yake iingie mwilini mwa Kemunto?

Baba yako hajakataa. Ingekuwa kukataa ningejua pa kuanzia, unanijua. Alikaa nje, akasema, "Ningekuwa peke yangu ningempa. Lakini nikivunja kitu, hakitanirudia mimi, kitawarudia watoto wa Ombati." Kisha akaniuliza wewe ungesema nini. Nikamwambia Ombati angesema toa. Sijui kama ungesema hivyo. Nilisema tu.

Naye Kemunto nilipomweleza aligeukia ukuta. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, wasimlazimishe tata, baba yetu. Daktari atie maji."

Nimemrudia daktari nikamuuliza, basi maji yapi? Akasema ikibidi atachanganya ya chumvi na ya sukari, na chupa yoyote ya damu atakayobahatisha, na ataomba Mungu. Mtu mwenye koti jeupe kama litakavyokuwa lako, naye anaomba kama mimi.

Barua hii ikikufikia, chupa zitakuwa zimekwisha tundikwa. Ukijibu maji gani, jibu lako litakuta yamepita. Najua hayo, na bado nakuuliza, mwanangu, kwa kuwa sina mwingine wa kumuuliza.

Kula vizuri. Usiache kitabu kwa ajili ya habari hii. Baba yako amewaita wazee waketi waamue kama damu hiyo inaweza kwenda, na daktari amekubali kungoja neno lao. Ukoo wote unatarajiwa hapa nyumbani Jumamosi.

Mama yako