Maneno ya Tomasi kwenye Barza

Jumamosi, siku ya posho, magaribi

Rangi ilienea. Nusu kopo ile dada yangu aliniachia, nikaichanganya na chokaa, ikafunika ukuta wote wa barza. Nguzo nilizipaka oili chafu ya pikipiki juu ya kufukuza muchwa. Jumatatu, siku ya kwanza, familia ya bwana yangu Tomasi inakuja kumaliza matanga yake, sikutaka wakae kwenye barza yenye kubanduka.

Nilikuwa ninasafisha brosi wakati Mama Furaha, jirani, alisimama kwenye njia.

— Mama Neema, mumeuzisha?

— Kuuzisha nini?

— Nyumba. Maandiko haiko tena.

Nikageuka. Ukuta mweupe tu. NYUMBA HII HAIUZISHWE: Tomasi aliandika vile kwa mukono wake, mwaka ule kaka yake alianza kuleta watu wa kununua. Na ni mimi nimeyafunika, mara mbili, nikifurahi vile ukuta unang'aa.

Hapa Bigo, mwenye nyumba akikufa na maandiko ikipotea, watu wanajua iko sokoni. Na kaka ya Tomasi ndiye atakaa pale mbele siku ya matanga.

Rangi nyeusi sina. Nikasaga makala ya kupikia ndani ya oili iliyobaki, nikaandika upya. Herufi za Tomasi zilinyooka kama alizipima na rula. Zangu zinapanda, zinashuka.

Yeye hakuwekaka jina. Mimi nimeweka langu chini, lote.