Ndugu wa Benchi

Jumatatu, 9 Januari

Nimerudi. Mwaka wa mwisho! Kitasa cha sanduku kimevunjika njiani, na bweni linanuka rangi mpya juu ya soksi za zamani. Kuta wamepaka, magodoro ni yale yale. Filimbi kafika kabla yangu, kanishikia kitanda cha dirishani. Kifua chake kinapiga mluzi kama kawaida, ndiyo maana tunamwita hivyo, na mwenyewe analipenda hilo jina. Anasema bila hilo angebaki na la babu yake, ambalo ni baya zaidi. Pampu yake ya pumu iko mfuko wa shati, pale pale pa siku zote.

Kiranja Mkuu mpya ni yule wa bweni la pili, anayepiga pasi mpaka leso. Bruda Mlezi, mtawa anayetusimamia, kamchagua mwenyewe. Tumekwisha.

Jumamosi, 28 Januari

Mapatano ya kwanza ya mwaka. Mambo ni yale yale: kila Jumamosi kabla ya chakula cha mchana wote kanisani, aliyekosa anasimama, anamtaja aliyemkosea, anaomba radhi. Mwenzake anajibu neno moja tu — nimekusamehe. Likishatamkwa, jambo limezikwa. Ukilifukua, unaadhibiwa wewe. Na hakuna anayekwenda kula mpaka kila aliyesimama amejibiwa.

Leo kidato cha kwanza mmoja kaomba radhi kwa kutumia mswaki wa mwenzake. Mwenye mswaki alikuwa hajui! Kasamehe huku uso umemkunjamana, sisi mbavu hatuna.

Kwa asiyekuwepo, anayejibu ni ndugu yake wa benchi. Wangu ni Filimbi. Tulipangwa kwa urefu siku ile ya kwanza, wakati huo tulikuwa sawa. Sasa namzidi kichwa kizima na bado tunakaa pamoja. Nikiugua ananiletea uji. Asipokuwepo, mimi ndiye mdomo wake.

Wakubwa, yaani Padri Mkuu na mabruda, wanakaa kwenye viti vyao vya pembeni, wanatutazama. Wao hawasimami. Wao hawakosei!

Jumanne, 14 Machi

Mafungo. Siku tatu za kimya, tunaongea kwa mikono. Mezani Filimbi kaomba sukari kwa ishara kama mtu anayekamua ng'ombe — uji umenitoka puani.

Kanisani kimya kimetanda, mara akavuta pampu yake: pssst! Benchi zima likatikisika kwa kicheko. Baadaye kidogo Kiranja akaja, akasimama mbele yetu, akanyoosha kiganja. Filimbi akamtazama. Kiganja hakikuondoka. Tumefundishwa kutii, basi katii. Kaiweka pampu pale kama mtoto anayepokonywa peremende.

Nikamuuliza kwa macho. Akaniinulia dole gumba.

Alhamisi, 16 Machi



Jana tulikuwa bustanini tunapalilia. Vumbi tupu. Filimbi akaacha jembe, akakaa chini. Midomo ikageuka kijivu. Akapapasa mfuko wa shati — mtupu. Kiranja alipoona, alitimka mbio kuelekea nyumba ya mabruda. Sisi tukamzunguka mwenzetu. Vijana wazima, ndevu zinaota, hakuna anayefungua mdomo! Mtu anakata roho mbele yao, wanapeana ishara!

Nikapiga kelele. Leteni gari! Leteni gari! Na kuna mpumbavu mmoja akaniwekea kidole mdomoni: shhh. Nilimsukuma akaangukia kabichi.

Kiranja akachelewa. Akachelewa sana. Mpishi ndiye aliyetoka jikoni na aproni yake, akambeba Filimbi mgongoni mpaka kwenye gari la mikate. Ndipo Kiranja akatokea na pampu mkononi, gari limeshatoka getini.

Yuko hospitali. Yuko hai. Anapumulia mashine.

Mimi nimepewa adhabu ya kusugua vyoo. Kwa kuvunja kimya. Narudia, nisije nikasoma siku moja nikadhani nilitia chumvi: KWA KUVUNJA KIMYA!

Jumamosi, 18 Machi

Kiranja kasimama. Kamtaja Filimbi, kaomba radhi, pampu hakuitaja. Kanisa zima likanigeukia. Mdomo wa Filimbi ni mimi.

Sikusema.

Padri Mkuu akanikumbusha kwa upole, labda nimesahau utaratibu. Sikusahau, baba. Akasema basi tusubiri, Roho ataniongoza. Tukasubiri. Matumbo yakaanza kuunguruma, moja baada ya jingine. Bruda Mlezi anafunua kitabu chake cha sala taratibu, kama yuko peke yake duniani.

Mwishowe Padri kawaruhusu waende kula, ila mimi nile wa mwisho, kwa kusimama, mpaka nitakapojibu. Sawa! Miguu ninayo.

Kwa nini niseme amesamehewa wakati kitanda cha Filimbi kiko kitupu? Nikisema tu, basi. Limezikwa. Hakuna atakayeuliza tena nani alichukua nini.

Jumamosi, 22 Aprili

Kiranja kasimama tena. Sikusema tena. Maharage yamepoa, na nimewasikia wakinong'ona: huyu naye anatutesea nini. Mwenye mswaki kaniita shetani. Mimi! Yeye, aliyesamehe mswaki!

Jumapili, 21 Mei

Siku ya wageni. Mama kaja. Baba yake Filimbi pia kaja, fundi cherehani, mkanda wa kupimia bado uko shingoni, nadhani alisahau kuuvua. Filimbi katoka hospitali, yuko nyumbani, anataka kurudi afanye mtihani wa mwisho na sisi. Shule imemkatalia. Imeandika kwamba kijana alipoteza pampu yake kwa uzembe, na asiyejitunza mwenyewe hawezi kuishi katika jumuiya.

Akaniuliza mimi, taratibu, kama anaogopa jibu: mwanangu, kweli yule mtoto ni mzembe hivyo?

Nikamwambia kila kitu. Pale pale, chini ya ngazi za ofisi. Alinishika bega, akapanda ngazi haraka. Alipotoka alikuwa amenywea, mtu mzima kabakia nusu. Wamemwambia mimi nina kinyongo na Kiranja, shule nzima ni shahidi, kila Jumamosi nakataa kumsamehe. Na wengine wote walioulizwa hawakuona kitu.

Hawakuona! Nilitaka kuvunja kitu. Nilivunja kijiti.

Mama naye kaanza. "Mwanangu, si neno tu? Liseme umalize shule."

"Mama, kama ni neno tu mbona wanalitaka hivi?"

Kalia. Nimemliza mama yangu siku ya wageni. Hilo nalo nitawadai hao watu.

Jumamosi, 8 Julai

Leo baada ya kunisimamia bure kama kawaida, Kiranja kanifuata kwenye karo la kufulia. Nilidhani kaja kupigana, nikaweka shati chini. Kumbe kaja kulia. Makamasi yote, yeye na mikunjo yake ya pasi!

Hakuichukua pampu kwa akili yake. Bruda Mlezi alimwagiza, eti ile sauti inachekesha watu mbele ya Mungu. Na ikakaa chumbani kwa Bruda. Siku ya bustanini alikimbia mpaka mlangoni kwake, akamkuta ameketi na kitabu chake cha sala. Akaonyesha kifua, akaonyesha bustani, akafanya kila ishara anayoijua. Bruda akainua kidole: subiri. Akamaliza ukurasa. Akaugeuza, akamaliza na wa pili. Ndipo akafungua kabati.

Nikamuuliza, na wewe hukuwa na mdomo?

Akasema, ilikuwa kimya.

Nilitaka kumzaba kofi. Nikamwona anavyojifuta makamasi kwa mkono wa shati, hasira ikanitoka kwake, ikaenda kukaa mahali pengine. Miezi yote hii nimemkazia macho mtoto mwenzangu, na mwenye kosa ameketi pale pembeni, kitini, anafunua kurasa!

Nikamwambia akaseme kwa Padri Mkuu. Akatikisa kichwa. Anataka kuwa bruda, na barua yake ya kupokelewa itatoka kwa Bruda Mlezi. Basi anasimama kila Jumamosi anaomba radhi ya mtu mwingine.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimekwenda mwenyewe kwa Bruda Mlezi. Nilipiga moyo konde, nikabisha hodi. Nikamwambia Filimbi arudi afanye mtihani, na wewe usimame Jumamosi kama sisi.

Hakukasirika hata kidogo, ndicho kinachoniua. Kaniambia hasira ni dhambi. Nikamwambia hata kimya. Nimepewa vyoo tena — vyoo vya shule hii havijawahi kung'aa kama mwaka huu.

Jioni Padri Mkuu kaniita. Mapatano ya mwisho ni tarehe kumi na nne Oktoba. Nikitoka kanisani siku hiyo bila kujibu, nafunga sanduku, na mtihani nitausikia redioni. Kasema inamuuma. Labda. Mbona haimuumi ya Filimbi?

Ijumaa, 13 Oktoba

Mama kapiga simu ya ofisini. Hakuomba kitu. Kaniuliza tu kama kitasa cha sanduku nilikitengeneza. Sikukitengeneza, mama.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika humu humu kanisani, daftari liko ndani ya kitabu cha nyimbo. Kengele ya chakula imeshalia na hakuna aliyetoka. Niandike haraka.

Filimbi yuko hapa! Kaja na baba yake kuchukua sanduku lake. Amekonda, shati limemzidi, kaingia moja kwa moja mpaka kwenye benchi letu, akanisukuma kwa kiuno nisogee kama siku zote. Baba yake kabaki mlangoni na sanduku. Nimekula kwa kusimama tangu Machi, na mtu huyu ananiuliza kwa sauti ya chini mbona nimenenepa!

Kiranja akasimama. Bruda Mlezi akatabasamu, mara ya kwanza mwaka huu, akasema vizuri, mwenyewe yupo, na ajibu mwenyewe limalizike.

Namjua Filimbi, hawezi kumnyima mtu kitu. Pampu alimpa mtu bila kuuliza.

Akasimama. Akatoa pampu mpya mfukoni, akavuta. Pssst. Hakuna aliyecheka. Akasema, "Mimi nilikuwa sipo. Mdomo wangu ni huyu." Akakaa.

Basi nikasimama. Nikamtazama Kiranja, sikumwona na mikunjo ya pasi, nilimwona na makamasi ya kule kwenye karo. Nikasema. Nimekusamehe. Kwa niaba ya Filimbi na kwa yangu.

Ahh! pande zote. Watu wakaanza kunyanyuka kwenda kula. Padri Mkuu kafumba macho, kashukuru.

Lakini Kiranja hakukaa. Kasimama vile vile. Kageuka, kaelekea viti vya pembeni. Akasema kwa sauti, kanisa zima likasikia, "Bado mmoja hajasimama."

Waliokuwa wamenyanyuka wamekaa. Mwenye mswaki kakaa. Baba yake Filimbi kaliweka sanduku chini. Padri Mkuu kafumbua macho, anamtazama Bruda, halafu Kiranja, halafu Bruda. Hakuna anayesema kitu na safari hii si kwa utaratibu wa mtu yeyote.

Filimbi ananipiga kiwiko nitazame.

Kiti kimelia. Bruda Mlezi amesimama. Sijui anaelekea mlangoni au anakuja mbele, bado hajapiga hatua. Kitabu cha sala kakifunga, kidole kakiacha ndani ya ukurasa —