Masikio Anajifunza Ujasusi

Jumamosi, 4 Machi

Nimekufa mara ishirini na mbili leo. Kwenye gemu. Kitindamimba wangu amerudi kwa likizo ya chuo na mashine yake ya gemu, akaifunga kwenye TV ya sebuleni bila kuomba ruhusa ya mtu. Gemu lenyewe ni la jasusi – mwanamke mwenye glavu nyeusi anaingia kwenye majengo ya watu kuiba mafaili. Bunduki hana. Ukionekana tu, king'ora, unaanza upya. Binti anasema ni gumu, baba usijisumbue. Mimi? Mimi niliyewahi kufungua giaboksi ya lori kwa spana mbili na kijiko cha chai?

Nilikimbia. Kosa la kwanza. Mlinzi alinidaka kabla sijamaliza zulia. Nikarudia, nikakimbia zaidi. Binti alicheka mpaka akakaa chini, na mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kesho nitafundishwa. Sawa. Ila mimi hufundishika haraka, hilo alijue.

Jumapili, 5 Machi

Somo la binti. Usikimbie, tembea umechuchumaa. Tazama juu, kamera ziko kwenye kona za dari. Usiingie chumba kabla hujajua utatokea wapi. Hifadhi mchezo kabla ya kila mlango. Na la kwanza kuliko yote, anasema, sikiliza. Nyayo za mlinzi zinasikika kabla mwenyewe hajatokea: kwenye marumaru zina mlio wake, kwenye zulia wake.

Mimi sisikii nyayo zozote. Nimemwambia spika za TV hii ni mbovu. Akaongeza sauti. Hakuna kitu. Akaongeza tena, mpaka mke wangu akaja na mwiko mkononi kuuliza kama mtaa mzima nao unacheza. Nyayo hakuna. Basi gemu lina kasoro.

Lakini nimegundua jambo bora zaidi – vivuli! Waliotengeneza hiki kitu ni mafundi wa kweli. Mlinzi hajafika, kivuli chake kimeshafika, chini ya mlango au ukutani. Nimepita hatua ya kwanza nikiwa nimekodolea macho sakafu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Jumanne, 7 Machi

Pikapu moja imeletwa, inakohoa. Vijana wa siku hizi huchomeka kompyuta. Mimi nina bisibisi yangu ndefu: ncha kwenye injini, mpini sikioni, miaka ishirini na sita sasa. Ndiyo maana gereji nzima wananiita Masikio. Gari halitoki getini mpaka nilizungushe mtaa mmoja, nilisikilize, niseme "safi". Tajiri wetu huwaambia wateja kwamba neno langu hilo ndilo risiti.

Leo bisibisi ilikuwa kimya kidogo. Nikaweka kiganja juu ya injini. Vali ya tatu, nikasema. Wakafungua – ya tatu! Mkono nao una masikio yake.

Shemeji, kaka yake mke wangu, ametuma ujumbe. Kasikia kwa binti kwamba nimekuwa jasusi, naye kanunua gemu hilohilo, amekufa mara arobaini. Anataka vidokezo vya anayeanza. Arobaini! Nimefurahi kupita kiasi. Nimemwandikia: Shemeji, acha kukimbia, huna wanaokufukuza isipokuwa wanaokudai. Hesabu mlinzi anakaa muda gani kabla hajageuka, kila mmoja ana hesabu yake na haibadilishi. Usimguse asiyekuona. Ukikamatwa mara tatu mahali pamoja, kosa si la mlinzi tena. Na tazama vivuli.

Habari za nyayo sikumwandikia. Siwezi kumfundisha mtu kitu ambacho hakipo.

Alhamisi, 9 Machi

Tarehe hii ikumbukwe! Hatua ya nne, chumba cha mashine chini ya jengo. Majenereta sita, mabomba, mvuke. Binti amekwama hapo tangu likizo ianze. Anasema ngurumo za majenereta zinafunika nyayo, huwezi kujua mlinzi anatokea wapi, ni uonevu mtupu. Kafa mara kumi na nne mbele ya macho yangu. Nikaomba padi ya kuchezea.

Nimepita mara ya kwanza. Ya kwanza! Mlinzi wa kulia ukihesabu kumi na moja anageuka, wa kushoto saba. Vivuli vyao nilivisoma kama gazeti. Nikachukua faili, nikatokea dirisha la juu, nyota tatu. Nikasimama katikati ya sebule mikono juu. Ng'ombe hazeeki maini.

Binti hakushangilia. Aliniuliza nimewezaje, na humo ndani hakusikiki chochote. Nikamwambia mbona kwangu chumba hiki ni sawa na vingine vyote. Akanitazama kwa muda. Halafu akasema leo ameshiba gemu, akazima. Wivu ni kitu kibaya, hata kwa mtoto uliyemzaa.

Ijumaa, 10 Machi

Saa kumi na moja jioni, nimetoka kazini, niko sebuleni natafuta miwani chini ya kochi. Nikainua kichwa. Kwenye kioo cheusi cha TV nikamwona binti amesimama nyuma yangu, mlangoni, amechongoa midomo. Anapiga mluzi. Ndivyo anavyowapima walinzi kwenye gemu: unapiga mluzi, anayegeuka amesikia, asiyegeuka unampita.

Sikuwa nimegeuka. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

Niligeuka, nikasingizia mgongo. Nikamwuliza tangu lini baba anaitwa kwa mluzi. Akasema alikuwa anajaribu wimbo fulani. Macho yake yalikuwa yamelowa, au ni taa. Nikabadilisha mazungumzo, nikasifu viatu vyake, raba mpya, kamba moja nyeupe na nyingine ya njano, eti ndiyo fasheni. Nilivisifu mno. Hata mwenyewe nilijisikia.

Jumapili, 12 Machi

Haya. Naandika kwa kuwa daftari hili halina msomaji.

Sisikii vizuri. Sauti nene nazipata – lori, mlango, Tajiri akikasirika. Nyembamba zimeondoka mojamoja bila kuaga. Kengele ya mlango. Filimbi ya birika. Ndege wa asubuhi, nilidhani wamehama mtaa. Mficha maradhi – methali naijua, sina haja ya kuimalizia.

Nilikuwa naogopa kuiandika sentensi ile. Sasa imeandikwa na paa halijaanguka.

Shida ni moja tu. Gereji haina kazi ya Masikio asiyesikia. Tajiri akijua, kuzungusha magari atapewa mwingine, mimi nitabaki kumwaga oili mpaka nistaafu, na vijana watanihurumia. Kuhurumiwa siwezi. Kwa hiyo hatajua. Na nani amejiandaa kuliko mimi? Mimi ndiye nyota tatu wa chumba cha mashine!

Jumatatu, 13 Machi

Siku ya kwanza ya ujasusi kazini. Nimehamisha kiti changu, mgongo ukutani, mlango mbele. Kila anayekuja namwona kabla hajafungua kinywa. Mteja akianza kueleza huku ameinamia gari, namwambia hebu simama hapa, nieleze vizuri, kuanzia mwanzo. Wanafurahi! Wanasema siku hizi hakuna fundi anayesikiliza kama mimi. Tajiri akiita kutoka ofisini, vijana hugeuza vichwa, nami nageuza pamoja nao. Injini napima kwa kiganja.

Magari manne yametoka leo. Yote safi. Hakuna aliyehisi kitu. Fundi Umeme, yule dada wa nyaya na taa, alinitazama mara mbili, lakini yeye hutazama kila mtu hivyo, kama anatafuta fyuzi iliyoungua.

Jumatano, 15 Machi

Siku mbaya. Niiandike yote.

Shemeji alileta gari lake asubuhi. Jumamosi anasafiri na mke wake na wale watoto wawili, barabara ya milimani, kona tupu. Anataka likaguliwe. Alitania kama kawaida yake, eti nimpe na kidokezo cha kupanda mlima. Vijana wakabadilisha oili, wakatazama taa na matairi. Mimi nikalizungusha mtaa. Madirisha nimefungua. Kiganja kwenye usukani, mguu kwenye breki, kila kitu laini. Nikarudi nikasema safi. Shemeji akaingia, akawasha, akaelekea getini.

Fundi Umeme aliangusha nyaya zake akakimbia. Alisimama mbele ya gari, mikono miwili juu ya boneti. Akamwambia shemeji kwamba amesahau kukaza taa moja, amwachie mpaka jioni. Shemeji akalalamika, akamwachia.

Nikajua taa haikuwa na neno. Nilimfuata nyuma, kwenye banda la matairi. Alikuwa ameshavua gurudumu la mbele kulia. Akachomoa kipande cha breki akaniwekea mkononi. Kimebaki chembamba kama ukucha. Kile kibati cha kuonya kilikuwa kinagusa chuma – na kikigusa, kinalia. Kazi yake ni kulia. Kimewekwa pale kwa ajili hiyo tu.

Alisubiri nimtazame usoni ndipo akasema. Kumbe anajua.

"Kaka, hii ilikuwa inapiga yowe. Watu wa ng'ambo ya barabara waligeuka. Wewe umekaa ndani yake mtaa mzima ukasema safi."

Niliangalia mkono wangu.

"Leo nimenyamaza. Ikirudi tena nitamwambia Tajiri, na wewe utanichukia. Sawa, nichukie."

Tukafunga breki mpya, mbele na nyuma, sisi wawili. Jioni nikamwomba alizungushe yeye. Akarudi akasema neno langu: safi.

Jumamosi, 18 Machi

Shemeji ametuma picha. Wamefika. Watoto wake wamekaa juu ya boneti wanakula mahindi. Ameandika kwamba breki ni kali kuliko mama mkwe, asante Masikio. Nimelisoma neno hilo la mwisho mara nne. Naona haya. Siyo haya ya kuzeeka, kuzeeka hakuna asiyezeeka. Haya ya kwamba niliwaweka watoto hao rehani ili mtu asijue nimepungukiwa.

Ujumbe wa pili ukaja. Ananishutumu! Amesoma mtandaoni, kila mchezaji wa gemu lile anasema kidokezo cha kwanza ni kusikiliza nyayo. Amejaribu, amepita hatua mbili kwa mkupuo. Kwa nini nilimficha? Shemeji gani huyu anaficha siri za ushindi?

Nikamwandikia: Ni kweli. Cha kwanza ni kusikiliza. Sikukuandikia kwa kuwa mimi mwenyewe kimenishinda.

Akajibu kwa vicheko. Anadhani natania.

Jumatatu, 20 Machi

Hospitali, kliniki ya masikio. Saa tatu na nusu asubuhi. Naandikia kwenye goti.

Nimekuja kijasusi. Tajiri anajua nimefuata vipuri. Nyumbani wanajua niko kazini. Nilipita njia ya nyuma ya soko, sikupanda gari mtaani kwetu. Hakuna aliyenifuata, niligeuka kila kona. Mpango wangu ni huu: nipimwe kwanza, nijue kilichobaki ni kiasi gani. Kama kuna kifaa cha kuvaa, nitavaa. Kisha nimwendee Tajiri mwenyewe, kwa miguu yangu, kabla Fundi Umeme hajalazimika. Nitamwambia kuzungusha magari ampe yule dada. Mimi nina mkono. Vali ya tatu niliipata kwa mkono, hilo hakuna wa kulipinga. Gereji yoyote yenye akili haitupi mkono kama huu.

Kwa binti ndiko sijajua nitaanzaje. Likizo yake inaisha Jumatano.

Benchi la ukutani limejaa. Nimekaa la katikati, mlango wa nje uko nyuma yangu – kinyume cha kila nilichomfundisha shemeji. Nesi hana kioo cha namba, anaita kwa mdomo tu. Nani alipanga hivyo, kliniki ya masikio! Mimi ni wa kumi na tisa. Jirani yangu ameninyooshea vidole kumi, kisha vitano, ndipo walipofika. Basi namwangalia nesi, naandika sentensi, namwangalia tena. Naweza. Ana hesabu yake kama mlinzi yeyote: anatoka, anaita, anangoja kidogo, anarudi ndani.

Nilizama kidogo kwenye kuandika.

Kivuli kimetua juu ya ukurasa huu. Hakisogei. Pembeni mwa benchi, chini, naona raba mbili, kamba moja nyeupe, nyingine ya njano. Nesi yuko mlangoni na kadi mkononi, mdomo unakwenda, na benchi zima wamenigeukia mimi.

Sijui nimeitwa mara ngapi.